Kampuni ya simu inaipa shule vishikwambi 20 na GB 100 kwa mwezi: tudai nini kiandikwe kabla ya kusaini?

Mratibu_Maktaba

Habari za jukwaa, wadau. Nahitaji ushauri wa wanaoijua kazi hii kwa vitendo.

Shule ya msingi yenye wanafunzi 380 na walimu 9 imepata ofa kutoka kitengo cha huduma kwa jamii cha kampuni ya simu. Inatoa vishikwambi 20 vya Android, ruta moja ya 4G yenye GB 100 kila mwezi kwa miezi 12, orodha ya tovuti za masomo zisizokata bando, na mafunzo ya siku moja kwa walimu. Umeme upo ila hukatika, wakati mwingine kutwa nzima.

Rasimu ya makubaliano ina kurasa mbili. Imeeleza vizuri idadi ya vifaa na siku ya makabidhiano, lakini haisemi nini kitatokea mwezi wa 13. Je, GB 100 zinatosha? Hizo tovuti za bure hufunguka kweli bando likiisha? Na tukipewa nafasi ya kubadilisha vitu vitatu tu kwenye rasimu, viwe vipi?

---

FundiMawimbi

Mkuu, tuanze na hesabu. Vishikwambi 20, kila kimoja saa 2 kwa siku, siku 22 za masomo: hizo ni saa 880 kwa mwezi. Gawa GB 100 kwa saa hizo unapata takriban MB 114 kwa kila saa ya kishikwambi, yaani wastani wa kilobiti 250 kwa sekunde. Hiyo ni video ya ubora hafifu wa 240p, tena kama hakuna kingine kinachokula bando. Video ya 480p hula kati ya MB 500 na 700 kwa saa. Kila mtoto akitazama ya kwake kwa ubora huo, GB 100 zinaisha siku ya nne au ya tano.

Halafu kuna masasisho. Sasisho moja la mfumo lenye GB 1.5 likishuka kwenye vishikwambi vyote 20 ni GB 30, na hushuka usiku vikiwa kwenye chaji, hakuna anayeona. Siku ya kwanza kabisa ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila kishikwambi, gusa jina la mtandao wa shule, ueleze kwamba ni mtandao wenye kipimo (metered), yaani wenye bando lenye kikomo. Kisha zima masasisho ya kujiendesha ya programu. Yafanye mwenyewe, kishikwambi kimoja kimoja, mara moja kwa muhula.

Uliza pia kinachotokea GB 100 zikiisha: laini inakatika au kasi inashushwa? Ikishushwa hadi kilobiti 128 na vifaa 20 vikagombania hizo hizo, taa ya ruta itawaka vizuri na hakuna ukurasa utakaofunguka. Waandike kasi ya baada ya kikomo kwa tarakimu.

Kuhusu tovuti za bure. Mtambo wa kampuni haujui kuwa hili ni somo la hesabu; unachotambua ni jina la tovuti au anwani ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi maudhui. Ukurasa wa somo mara nyingi huchota video kwenye seva nyingine, picha kwenye ya tatu, na maandishi ya jaribio kwenye ya nne. Kama kilichoorodheshwa ni jina la kwanza tu, mwanafunzi ataona kichwa cha somo na duara linalozunguka mahali pa video. Simu yenye VPN (programu inayopitisha data kwa siri kupitia seva nyingine) nayo huficha jina hilo, basi bando hukatwa kama kawaida.

Jaribio lake ni rahisi. Weka laini isiyo na bando wala salio kwenye simu, zima Wi-Fi, fungua masomo kumi tofauti hadi mwisho: tazama video, jibu maswali, pakua PDF. Andika kila kilichogoma. Fanya hivyo mhandisi wao akiwepo, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuona ni seva ipi haimo kwenye orodha.

Na orodha isiwe ya bidhaa za kampuni yenyewe tu. India ilipiga marufuku mwaka 2016 watoa huduma kutoza data kwa bei tofauti kulingana na maudhui, na hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo: nani anaamua mtu asiye na fedha aone nini. Walimu wawe na haki ya kuongeza tovuti kila muhula. Faida halisi ya orodha hiyo haipo darasani, ipo nyumbani jioni, kwenye simu ya mzazi isiyo na bando. Hakikisheni imeandikwa kwamba inafanya kazi kwenye laini yoyote ya mtandao huo, si kwenye ruta ya shule peke yake.

---

SevaYaDarasa

Naunga mkono hesabu ya FundiMawimbi, na ndiyo sababu nasema badala ya kuomba GB zaidi, ombeni seva ndani ya darasa. Masomo yakishawekwa humo, watoto 20 wanatazama video bila kugusa bando hata kidogo, na mwaka ukiisha masomo yanabaki.

Programu mbili za bure zinatosha kuanzia. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, hubeba video, mazoezi na vitabu, ina sehemu ya mwalimu kupanga somo na kuona nani amekwama wapi, na haimtaki mtoto awe na barua pepe wala namba ya simu. Sura yake ipo kwa Kiswahili. Ya pili ni Kiwix, inayofungua Wikipedia nzima bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili huingia kwenye GB chache; ya Kiingereza yenye picha huchukua zaidi ya GB 100. Kwenye Kolibri msipakue chaneli (mkusanyiko wa masomo) nzima, chagueni mada za darasa husika, maana chaneli moja ya video hujaza makumi ya GB. Na pakueni mahali penye intaneti nzuri, mlete kwenye diski ya nje. Msipakue kwa bando la shule.

Wengi hukimbilia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, iwe seva. Inafaa, inakula umeme mdogo, lakini ina magonjwa mawili pale umeme unapokatika. La kwanza: kadi ya SD huharibika umeme ukikatika katikati ya kuandika, na rekodi za wanafunzi zinakwenda nayo. Tumieni SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya USB. La pili: Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwaka bila intaneti hurudi kwenye muda iliozimikia, na ripoti za mwalimu zinaonyesha mtoto amefanya zoezi wiki iliyopita. Dawa yake ni kijisaa cha DS3231 chenye betri ya kidonge. Pi 5 ina tundu la betri tayari. Binafsi napendelea laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na SSD. Betri yake inahimili kukatika kwa umeme, saa yake haipotei, na ikileta shida fundi yeyote anaijua. Iwekeeni tu isilale kifuniko kikifungwa.

Wi-Fi isitoke kwenye Pi wala kwenye kile kiruta kidogo cha laini. Vifaa vya aina hiyo huanza kuyumba vikifika kumi na kitu. Nunueni kisambaza Wi-Fi chenye masafa ya 2.4 na 5 GHz, kiunganishwe na seva kwa waya, kifungwe juu ukutani ndani ya darasa lenyewe. Kikiwekwa ofisi ya mwalimu mkuu, kuta mbili zinakula nguvu yote. Seva ipewe anwani isiyobadilika, kisha anwani hiyo, kwa Kolibri huwa na :8080 mwishoni, ichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ubaoni.

Jambo moja linalochanganya kila darasa: kishikwambi kikiingia kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, Android hutoa onyo kwamba hakuna intaneti, na chenye laini ndani yake huhamia kimya kimya kwenye data. Seva inaonekana imekufa kumbe ni nzima. Onyo likitokea, chagua kubaki kwenye mtandao huo na usiulizwe tena. Chenye laini kizimwe data.

---

NyayaNaJua

Umeme, kwa ufupi. Betri ya kishikwambi ya mAh 5000 ni kama Wh (saa-wati) 18.5, pamoja na upotevu wa chaja hesabu 25. Mara 20 ni Wh 500. Kisambaza Wi-Fi cha W 10 kwa saa 8 ni Wh 80. Pi ya W 6 kwa saa 8 ni Wh 48. Jumla Wh 628 kwa siku.

Betri ya asidi ya 12 V, Ah 100, ina Wh 1200, lakini ukitumia zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo una Wh 600 tu. Inakosa kidogo, na betri inayokosa kidogo kila siku haimalizi mwaka. Ya lithiamu (LiFePO4) ya ukubwa huo hukupa zaidi ya Wh 1000 bila kuumia. Paneli: 628 gawa kwa saa 4 za jua kali, gawa tena kwa 0.7 ya upotevu, ni W 224. Funga ya W 300. Mkichagua laptopu badala ya Pi, ongezeni Wh 150 hadi 200.

Na waya za chaji. Waya mrefu mwembamba hupoteza volti njiani. Kishikwambi kinaonyesha alama ya chaji ilhali asubuhi kimefika asilimia 60. Dai waya fupi, nene, na akiba 10, maana waya ndio kitu cha kwanza kufa, siku zote.

---

Mratibu_Maktaba

Asanteni sana, wakuu. Tumewadokeza kuhusu seva, wakasema haimo kwenye kifurushi chao. Na upande wa walimu je, siku moja inatosha?

---

MwlMkufunzi

Ndugu mratibu, siku moja haitoshi, na siyo kwa sababu walimu ni wazito. Mtu hujifunza kifaa kwa kukitumia, akakwama, akauliza. Siku moja inampa nafasi ya kutazama tu. Takwimu za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, za 2024 zilionyesha watu bilioni 2.6 walikuwa hawatumii intaneti, na wengi wao waliishi palipo na mawimbi ya simu tayari. Kinachokosekana kwao ni bei wanayoimudu, kifaa, na maarifa. Hiyo ndiyo kazi ya ujumuishi wa kidijitali, na mkufunzi ni sehemu yake sawa na mnara.

Waombeni muda ule ule wa mkufunzi ugawanywe: vipindi vitano vya dakika 90, wiki mbili katikati, na kila mwalimu afundishe somo moja kwa kishikwambi kabla ya kipindi kinachofuata. Msaidizi mmoja kwa walimu wasiozidi 8. Kipindi cha kwanza kisiguse masomo kabisa: kuwasha, kuchaji, kuunganisha, kuandika nenosiri, kurekebisha ukubwa wa maandishi. Mwalimu anayeogopa kugusa mipangilio mbele ya watoto hatavitoa kabatini. Onyesheni pia TalkBack, sauti inayosoma kilicho kwenye kioo, kama kuna mtoto mwenye uoni hafifu. Imo ndani ya Android, haigharimu chochote.

Vishikwambi 20 kwa darasa la watoto 40 ni watoto wawili kwa kila kimoja, na hiyo ni sawa kabisa, ila pangeni zamu. Bila zamu, mmoja hushika na mwingine hutazama hadi kengele inalia, na mara nyingi anayetazama ni msichana. Dakika 7, kisha kubadilishana, mwalimu akitazama saa.

---

FundiMawimbi

Kuhusu seva kutokuwa kwenye kifurushi: wapeni mbadala badala ya ombi la nyongeza. GB 100 zishuke hadi 30, zinazotosha kazi za walimu na masasisho, tofauti ya miezi 12 inunue laptopu iliyotumika na kisambaza Wi-Fi. Wakumbusheni kwamba mradi wa Instant Network Schools, ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa), unaunganisha vifaa, umeme, maudhui na mafunzo ya walimu. Kampuni za simu zinaijua njia hiyo.

Vitu vitatu vya kubadilisha, kwa mpangilio wangu: seva, muda wa mkufunzi, na umiliki. Huo wa mwisho ndio unaosahauliwa. Vishikwambi vingi hutolewa vikiwa vimefungwa kwa programu ya kampuni ya kuvisimamia kwa mbali. Mkataba ukiisha na akaunti ile ikazimwa, kishikwambi kikifutwa kwa nguvu hudai akaunti iliyokisajili mwanzo, na usipoijua unabaki na kioo tu. Andikeni: akaunti na manenosiri yote yakabidhiwe shule, kufuli la programu na la mtandao lifunguliwe mwezi wa 12. Laini isajiliwe kwa jina la shule, maana ikisajiliwa kwa jina la mwalimu na akahamishwa, inaondoka naye. Na kampuni isichukue majina wala namba za wazazi kama sharti la kutumia vifaa.

Siku ya makabidhiano, kabla ya picha, zimeni intaneti na mfungue video ile ile ya seva kwenye vishikwambi vyote 20 kwa pamoja, dakika kumi mfululizo. Ikianza kukatika mkifika cha 13, mnajua Wi-Fi haitoshi, na mwenye uwezo wa kuibadilisha bado yupo chumbani.