Wauza rangi za chakula mnaochota kwenye vichupa visivyo na lebo, mnatutia hasara!

Wakuu, nimelala na hasira na nimeamka nayo. Ngoja niiseme hapa.

Huu ni mwaka wa nne napika keki nyumbani Tabata. Ijumaa nilikuwa na oda ya kipaimara: keki za vijiti 120, nusu nyeupe, nusu bluu iliyokolea. Alhamisi nikashuka Kariakoo, nikanunua kilo 3 za chokoleti nyeupe ya kufunikia, kisha nikaingia duka la pili kuulizia rangi. Nilisema waziwazi: "Kaka, nataka rangi ya mafuta, ya kutia kwenye chokoleti." Akanipa kichupa cheupe kisicho na karatasi yoyote, pembeni kimeandikwa BLUU kwa kalamu. Nikauliza tena kama kweli ni ya mafuta. "Dada yangu, hii inaingia kwenye kila kitu, wateja wangu wote wanachukua hii hii." Nikalipa.

Usiku nikayeyusha kilo moja na nusu taratibu, bakuli juu ya sufuria, maji yakitokota kidogo tu bila kugusa kitako cha bakuli. Ikayeyuka vizuri, inang'aa, ukiinua mwiko inashuka kama utepe. Nikadondosha matone kama kumi. Nikakoroga mara nne, tano, mng'ao ukapotea. Kabla sijafika kumi mwiko ulishakuwa mzito, chokoleti imebanduka kwenye bakuli, imejikusanya bonge moja lenye chengachenga kama ugali uliozidiwa unga. Na bluu yenyewe madoamadoa.

Jumatatu nikarudi na kichupa changu. Jibu nililopewa: "Umeiunguza mwenyewe, dada."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Chokoleti nyeupe ikiungua utaisikia harufu, na inaanza kugeuka kahawia. Yangu ilikuwa nyororo mpaka nilipotia rangi yake. Nikaomba bilauri ya maji, nikadondosha tone moja mbele ya macho yake. Likasambaa mara moja, maji yote yakawa bluu. Rangi ya mafuta haifanyi hivyo, mafuta na maji hayachanganyiki, mtoto wa darasa la tatu anajua. Kaka akaangalia bilauri, akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Kwa ambao hawajakutana na hili: chokoleti ya kufunikia ni sukari na maziwa ya unga vilivyosagwa laini sana, vikaelea ndani ya mafuta ya mimea. Hakuna maji humo. Ukiingiza hata kijiko kidogo cha maji, chembe za sukari zinalowana na kunatana, kama bakuli la sukari mtu anapochovya kijiko chenye majimaji. Rangi nyingi za kawaida, hata zile nzito za jeli tunazotia kwenye krimu ya keki, zina maji ndani. Kwenye krimu hazina shida. Kwenye chokoleti unatakiwa utumie ya mafuta, au ya unga mkavu. Muuzaji wa rangi asipolijua hilo, anauza nini?

Kuna waliosema ningeongeza maziwa kidogo. Jamani, maziwa ni maji! Hata siagi ina maji, yapata asilimia 16. Ukitia maziwa mengi ya moto itakuwa rojo tamu ya kumwagia juu ya keki, lakini haitashika kwenye kijiti wala kukauka. Nilijaribu vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, ikalegea kidogo, chengachenga zikabaki palepale. Mwisho nilifunika keki zote 120 kwa ile iliyobaki nyeupe, nyembambanyembamba, nikamrudishia mama wa mtoto elfu 40. Alinielewa. Binti yake alisimama mbele ya zile keki kwenye meza yenye vitambaa vya bluu, akauliza za bluu ziko wapi.

Na hasara ya chokoleti ni nafuu. Kuna ile poda ya kung'arisha mapambo ya keki inayopimwa kwenye vifuko vya nailoni bila jina. Huko Marekani, jimbo la Rhode Island, mwaka 2018 watoto sita waliugua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa poda ya mapambo yenye shaba nyingi. Wao angalau walikuwa na kichupa cha kupeleka maabara. Sisi tutapeleka nini, kifuko? Hata penye lebo, maneno "haina sumu" hayana maana kwamba ni ya kuliwa. Tafuta orodha ya viungo. Sasa ukichota kutoka kwenye dumu ukaniandikia BLUU, viungo nitavisoma wapi? Tarehe ya mwisho wa matumizi je?

Sijaomba fadhila. Nilitaja ninachotaka, nikauliza mara mbili, nikalipa bei niliyotajiwa bila kubishana. Kama huna, sema huna, niende duka la jirani.

Jumamosi ijayo nina oda nyingine, waridi na njano. Anayejua duka, Kariakoo au popote hapa Dar, linalouza rangi ya mafuta ikiwa kwenye kichupa chake kilichofungwa, lebo na tarehe vipo, aniandikie hapa chini. Nauli nitatafuta.