Naomba ushauri: mtetea wangu mgonjwa hakubali kunywa dawa

Mfugaji wa Uani (Tanga):
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafuga kuku wa kienyeji 11 uani kwangu, na tangu wiki iliyopita mtetea mmoja ameshikwa na mafua makali: jicho la kushoto limevimba hata halifunguki, na puani hutoka kamasi zenye harufu mbaya. Bwana mifugo aliagiza dawa ya unga ya kuchanganya kwenye maji ya kundi zima. Wengine wanakunywa bila taabu, lakini mgonjwa mwenyewe, ambaye ndiye aliyetuingiza katika gharama hii, hupita kando ya chombo na kwenda kunywa maji yaliyotuama karoni. Nilipomweleza bwana mifugo, aliniambia nimtenge, akanipimia dawa ya kumnywesha mdomoni, mililita 2 asubuhi na 2 jioni, kwa bomba lisilo na sindano.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Jana tulimkimbiza karibu nusu saa, watoto watatu na mimi wa nne, na tulipomkamata alikuwa akihema mdomo wazi. Nilimlaza chali mapajani nikasukuma dawa yote kwa mkupuo. Nyingine ikatokea puani, akapaliwa, na upanga wake ukageuka zambarau. Nilidhani ananifia mikononi. Leo nimeogopa hata kumgusa. Wenzangu mnafanyaje?

Banda la Nyuma:
Pole sana, mkuu. Kosa la kwanza ni kumkimbiza mchana. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo subiri hadi alale, uingie taratibu na taa hafifu, umshike mabawa yote mawili kwa pamoja kabla hajajua kinachoendelea. Dozi ya asubuhi mpe alfajiri, kabla hujamfungulia. Mwenye mafua ukimkimbiza, ile pumzi kidogo aliyobaki nayo ndiyo unayoimaliza.

Mama Vifaranga:
Kwangu mimi dawa huifinyanga ndani ya donge dogo la ugali, nikamtupia mbele ya wenzake, naye kwa wivu hukimbilia kulimeza bila kulichunguza. Bibi yangu alikuwa akitumia shubiri na pilipili kichaa kwenye maji, na kuku wake walipona.

Mstaafu wa Mifugo:
Mama Vifaranga, donge la ugali ni njia nzuri kwa kuku anayekula, ila huyu amefumba jicho na hasikii harufu ya kitu, na mara nyingi huliacha donge chini likaliwa na mzima. Shubiri sitaibishia hapa, lakini maji machungu kwa kuku ambaye tayari anakataa maji ni kumwongezea kiu.

Ndugu wa Tanga, chukua tochi umtazame ndani ya mdomo. Kwenye shina la ulimi utaona tundu dogo linalofunguka na kufungika kila anapovuta pumzi. Hiyo ndiyo njia ya hewa, nayo haina kifuniko kama chetu. Ukisukuma dawa kwa nguvu, huenda ikaingia humo moja kwa moja. Iliyotokea puani ilipitia ufa ulio kwenye kaakaa lake, unaofungukia puani. Tena kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo, hupumua kwa kuinua na kushusha kidari, kwa hiyo ukimlaza chali na kumbana, unamziba pumzi hata kama mdomo u wazi.

Mfunge kwa kanga kuukuu mabawa yakiwa ndani, bila kukaza kifuani, kisha umpakate akiwa wima, mgongo wake ukielekea tumboni kwako. Shika zile ndevu nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo, uzivute chini kidogo sana, na mdomo utaachia. Weka tone moja tu pembeni mwa mdomo, umwachie kichwa. Atakiinua mwenyewe na kumeza, nawe utaiona shingo ikicheza. Ndipo uweke la pili. Mililita 2 zitakuchukua dakika tano au zaidi, na usione haya kwa hilo. Akipaliwa, acha, mwinamishe kichwa ateme. Na ikiwa dawa yako ni ya jamii ya tetrasaiklini, mwondolee kwanza maganda ya mayai na chokaa kwenye chakula, kwa sababu kalsiamu huishika dawa isifanye kazi vizuri.

Mzee wa Supu:
Kuku mmoja, watu wanne, kanga na tochi. Mchinjeni tu.

Mstaafu wa Mifugo:
Umechelewa, mzee mwenzangu, kwa kuwa nyama yake sasa ina dawa. Ingawa hoja yako ina uzito upande mwingine: kuku aliyepona mafua ya namna hii anaweza kubaki na vimelea na kuwaambukiza wageni watakaoletwa bandani. Mwenye kuku alipime hilo baadaye.

Mfugaji wa Uani (Tanga):
Ninarudi na shukrani. Jana usiku nilimkuta amelala kwenye tenga lake, nikamfunga kwa kanga ya mke wangu (hajui bado), na matone yote yalimezwa, isipokuwa moja alilonitikisia usoni. Leo alfajiri alininyofoa kidole gumba kabla sijamshika vizuri, jambo ambalo wiki iliyopita hakuwa na nguvu ya kulifanya. Jicho limeanza kufunguka. Swali moja limebaki: wale kumi waliokunywa dawa ya maji wanaendelea kutaga. Mayai tule?

Mstaafu wa Mifugo:
Msile wala msiuze. Soma kwenye pakiti idadi ya siku za kusubiri, uzihesabu kuanzia dozi ya mwisho na si ya kwanza. Pakiti ikiwa imetupwa, muulize bwana mifugo aliyekuandikia. Hiyo kanga nayo ifue kwa maji ya moto kabla mama hajaitafuta.