Naomba ushauri: kuhifadhi umeme wa gridi, betri au bwawa?

Mwanachuo_Umeme: Wakuu, habari. Nimepewa mada ya kulinganisha njia za kuhifadhi umeme kwa kiwango cha gridi. Nimepanga jedwali kwa megawati: betri za Hornsdale, Australia, 100 zilipoanza 2017, maji ya kupandishwa (yanasukumwa hadi bwawa la juu, kisha yanaachiwa yashuke yazalishe umeme) Dinorwig, Wales, 1,728, hewa iliyobanwa Huntorf, Ujerumani, 290 ilipoanza. Maji yameshinda mchana kweupe. Msimamizi kanirudishia kaandika neno moja tu: "Saa?" Nimekosea wapi?

FundiMita: Mkuu, megawati ni upana wa bomba, megawati-saa ni ujazo wa tanki. Wewe umepima mabomba tu. Hornsdale ilianza na megawati-saa 129, kwa hiyo ikimwaga zote 100 inakauka baada ya saa moja na robo hivi. Dinorwig ina kama 9,000, inakwenda saa tano na ushee. Sema kwanza pengo unaloziba ni la sekunde, la jioni au la msimu.

Kipanga: Na upotevu usiusahau. Ukiingiza uniti 100, betri ya lithiamu inakurudishia 85 hivi, maji 70 hadi 80. Huntorf (ipo tangu 1978!) ufanisi wake ni asilimia 42 tu, kwa sababu joto la kubana hewa linatupwa, halafu inabidi uchome gesi kuipasha tena kabla haijaingia kwenye tabo (mtambo unaozungusha jenereta). Ukitumia umeme kutengeneza gesi ya hidrojeni, kisha ukairudisha kuwa umeme, unabaki na theluthi hivi.

Mpitanjia: Theluthi? Sasa hiyo si hasara tupu?

Kipanga: Kwa jioni, ndiyo. Kwa kutoka msimu hadi msimu, hebu niambie nani atanunua betri ya kuchaji mara moja kwa mwaka.

Bi_Transfoma: Mnaisifu Dinorwig, ila bwawa linataka mlima na maji, na ujenzi ni wa miaka. Hornsdale ilisimama ndani ya miezi michache tu. Kwa kushika masafa ya gridi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, isipande wala kushuka), betri inaitika chini ya sekunde moja.

Mwanachuo_Umeme: Asanteni sana. Safu ya saa nimeongeza. Gharama je, niandike kwa megawati au kwa megawati-saa?

FundiMita: Zote mbili. Kwenye lithiamu kila saa ya ziada ni seli zaidi za kununua. Kwenye bwawa unaongeza maji, mitambo ni ileile.