Barza ya Kikwajuni: stelingi kafa, sasa nani?

Khamis: Asalaam alaykum wanabarza. Hii ya 007, yule jasusi James Bond wa sinema, imezunguka tokea mchana: "007 mpya keshapatikana, filamu inatoka baada ya miezi sita." Kweli au uzushi?

Zuhura: Waalaykum salaam. Miezi sita?? Hiyo inajikataa yenyewe. Ami Haji yupo? Ampigie hesabu.

Ami Haji: Nipo. Khamis mwanangu, ukitaka kujua chombo kinang'oa nanga lini usitazame abiria, mtazame nahodha. Mwongozaji ni Denis Villeneuve, katangazwa Juni 2025. Lakini mkononi alikuwa na Dune ya tatu, ile sinema yake ya jangwani, nayo imepangiwa kutoka 18 Disemba 2026. Mtu wa kupima kila kivuli kama yule hawezi kuhariri jangwa asubuhi, jioni akaenda kumrikodi Bond.

Ami Haji: Pili, skripti. Steven Knight, yule wa tamthilia ya Peaky Blinders, katangazwa kuandika mwisho wa Julai 2025. Skripti isipokamilika hujui unakwenda nchi gani, hujui unajenga seti ngapi, basi bajeti utaipigaje?

Juma: Si huanza tu, mengine yakaandikwa njiani?

Ami Haji: Walifanya hivyo. Quantum of Solace, filamu ya Bond ya 2008. Waandishi wa Hollywood wakagoma, kamera zikaanza skripti haijaiva, ikawa Daniel Craig, Bond wa wakati huo, na mwongozaji Marc Forster wanajiandikia wenyewe vipande. Itazame tena uone hadithi inavyokatikakatika.

Zuhura: Na No Time to Die, ile ya mwisho ya Craig? Tarehe ya kwanza ilikuwa Novemba 2019. Mwongozaji Danny Boyle akajitoa Agosti 2018 kwa kutoelewana juu ya hadithi, akaja Cary Fukunaga, ikasogezwa hadi Aprili 2020, kisha korona ikaisukuma mpaka mwisho wa Septemba 2021. Kwa hiyo hata ikitangazwa tarehe rasmi, iandike kwa penseli.

Ami Haji: Ahsante Bi Zuhura. Sasa Khamis, chukua vipimo viwili. Pierce Brosnan, Bond wa kabla ya Craig: jina limetangazwa Juni 1994, kamera Januari 1995, sinema Novemba 1995. Miezi 17. Craig: jina Oktoba 2005, kamera Januari 2006, sinema Novemba 2006. Miezi 13. Zote mbili kaongoza Martin Campbell, na hiyo 13 ndiyo mbio kabisa, mana mwongozaji na skripti vilikuwa tayari vimekaa vinamsubiri mwigizaji. Jina likitoka leo, ongeza 13 kwa uchache. Mimi naiona 2028, mapema ya hapo nitashangaa.

Juma: Yakhe mnahesabu miezi, na mtu mwenyewe kafa kwenye hiyo No Time to Die! Siku zote tunaambiwa stelingi hafi, huyu kateremshiwa makombora.

Salma: Kafa wala hana pa kupenya. Yule adui, Safin, kamtia sumu ya vidudu vilivyolengwa kwa mpenzi wake Madeleine na mtoto wao, Mathilde. Akiwagusa tu anawaua. Ndiyo mana kabaki kisiwani mpaka makombora ya manowari HMS Dragon yakamkuta. Halafu mwisho wa majina yote wanakuandikia kuwa James Bond atarudi 😂

Juma: Basi nadharia yangu ndiyo hiyo hiyo. "James Bond" ni jina la kazi tu. Kama daladala ya 505: dereva anashuka, mwengine anapanda, namba ile ile uwanja wa ndege.

Zuhura: Juma mwanangu, daladala yako nzuri ila umeipakia vibaya. Namba inayopokezanwa ni 007, na tumeiona ikipokezanwa: kastaafu Bond, kapewa Nomi, jasusi mwengine. Jina la Bond ni lake. Nenda For Your Eyes Only, 1981, mwanzo kabisa. Roger Moore anaweka maua kaburini. Simamisha hapo usome jiwe: Teresa Bond, 1943–1969, mke mpenzi wa James Bond. Huyo kaolewa na Bond aliyechezwa na George Lazenby kabla ya Moore, kapigwa risasi ndani ya gari siku ile ile ya harusi. Ingekuwa jina la kazi, Moore analia kaburi la mke wa nani?

Salma: Na Skyfall, 2012. Kaburi la wazee wake liko Uskochi, Andrew Bond na Monique. Na yule mzee Kincade anamjua tangu mtoto.

Juma: 🙌🏽 Haya nimeshuka kwenye 505.

Zuhura: Watakachofanya ni kuanza upya. 2006 Craig alikuwa ndo kwanza anapata leseni ya kuua, na M, bosi wake, ni Judi Dench yule yule aliyekuwa bosi wa Brosnan tokea 1995. Haikueleweka hata kidogo, na hakuna aliyerejesha tiketi. Mimi nadhani safari hii M na Q, yule fundi wa vifaa, watabadilishwa wote, mana wa juzi wameshamlilia.

Khamis: Na nani anaamua sasa? Si wale akina Broccoli, watayarishaji wa Bond?

Ami Haji: Zamani. Amazon kainunua MGM, studio ya Bond, kwa dola bilioni 8.45, ikamalizika Machi 2022, lakini Barbara Broccoli na Michael G. Wilson walibaki na kauli ya mwisho. Februari 2025 wakaiachia. Watayarishaji sasa ni Amy Pascal na David Heyman. Na kuna saa inayokwenda: Ian Fleming, mwandishi wa vitabu vya Bond, kafariki 1964, Uingereza wanahesabu miaka 70, kwa hiyo mwanzo wa 2035 vitabu vyake vinakuwa huru kule. Vitabu tu! Muziki wa sinema, mtutu wa bunduki wa mwanzo, alama ya 007, hivyo vina wenyewe. Nao Marekani wana hesabu yao nyengine, ya tangu kitabu kilipochapwa.

Salma: Kwa hiyo hawana nafasi ya kulala miaka sita bila filamu kama 1989 mpaka 1995.

Khamis: Tuje kwenye jina jamani.

Zuhura: Toa umri kwanza. Craig filamu 5, miaka 15. Moore kaanza na 45, ya mwisho ana 57, na magoti yanaonekana 😅 Basi katika waigizaji wanaotajwa, Idris Elba aliyezaliwa 1972, tumpendavyo, muda umempita. Aaron Taylor-Johnson na Callum Turner ni wa 1990, wanaingia. Jacob Elordi wa 1997 ni Mwaustralia, lakini Lazenby naye alikuwa Mwaustralia.

Ami Haji: Tazama na mikataba. Brosnan alikwishachaguliwa 1986, mchezo wake wa TV ukamvuta, kapewa Timothy Dalton. Kijana aliyefungwa kwenye tamthilia ndefu, mfute. Na majaribio ya kumchagua Bond kwa desturi ni kile kipande cha filamu ya From Russia with Love, cha chumbani...

Zuhura: Ami, watoto wamo humu.

Ami Haji: ...cha mazungumzo, nasema.

Khamis: Nimemjibu aliyenitumia: skripti iko wapi, na Dune je? Kaniuliza Dune ndiyo nani.