Ukoo wa Bibi Kabula: sangara, zebaki na sabuni ya Dotto

*Jumamosi*

Shangazi Milembe: _Umesambazwa mara nyingi:_ TAHADHARI!! Samaki WOTE wa Ziwa Victoria wana sumu ya migodini. Msile. Tuma kwa uwapendao.

Shangazi Milembe: Jamani ni kweli? Nimeshachukua sangara wa kilo kumi na mbili hapa mwaloni, wakwe wanakuja kesho

Neema: Shikamoo shangazi. Mimi na mimba hii ya miezi mitano samaki ndiyo mboga yangu kila siku 😳

Shangazi Milembe: Marahaba mwanangu. Kulwa yuko wapi? Si anafanya kazi maabara huyo

Dotto: Wekeni ndimu nyingi, sumu inakatika

Kulwa: Shikamooni wakubwa. Dotto, ndimu inakata shombo tu. Hiyo sumu ya migodini ni zebaki, ya kukamatia dhahabu, nayo imeshikana na nyama yenyewe. Ukaange, uchemshe, utoe ngozi, ipo palepale.

Baba Mdogo Masanja: Haya, sisi wachimbaji wa dhahabu tumeshaanza kusemwa

Kulwa: Baba mdogo, hakuna aliyekutaja bado 😅 Huo ujumbe umetiwa chumvi. Samaki wengi waliopimwa ziwani wako chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, ambacho ndicho kiwango kinachotumika sana sokoni. Wanaosogelea hapo ni sangara wakubwa.

Shangazi Milembe: Kwa nini sangara tu? Si maji ni yaleyale

Kulwa: Maji yaleyale, chakula tofauti. Zebaki ikishuka mtoni inatulia kwenye tope, vijidudu vya humo vinaigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kirahisi na kutoka kwa shida. Samaki wadogo wanaipata kidogokidogo. Furu na dagaa wakiliwa na sangara, yote inahamia kwake, na yeye anaishi miaka. Wa kilo kumi na mbili huyo kala wangapi? Sato chakula chake zaidi ni mwani, na dagaa hamalizi miaka mingi.

Neema: Kwa hiyo mimi niache?

Kulwa: Usiache kabisa. Mtoto anahitaji mafuta ya samaki kwa ubongo wake. Kula sato na dagaa, sangara mkubwa weka pembeni mpaka ujifungue, na hata wakati wa kunyonyesha usimzoee. Zebaki hiyo inavuka kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia kwanza. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Kuna akina mama walioonekana wazima kabisa wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Paka wa wavuvi walikuwa wanayumba na kurukaruka kama wamelewa.

Shangazi Milembe: Yesu wangu. Na mapanki je, ile mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu? Bibi hali kitu kingine

Kulwa: Mapanki ya sangara wa ziwani simkatazi bibi. Mfupa ni habari ya madini ya risasi, ndiko yanakokaa, kama metali ya kadimiamu inavyokaa kwenye ini na figo. Mimi ninaowakwepa ni kambale wa ile mifereji ya mjini inayopokea maji ya gereji na viwanda. Wale bei rahisi wale.

Kulwa: Ila kuna kitu hamtakipenda. Miaka ya 1990 walikuja watafiti Wajapani, walewale wa mambo ya Minamata, wakapima nywele za watu wa huku ziwani. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi haikuwa samaki. Ilikuwa sabuni za kung'arisha ngozi.

Neema: 👀

Shangazi Milembe: Dotto mbona kimya

Dotto: Yangu haijaandikwa zebaki

Kulwa: Nyingi haziandikwi. Piga picha ya nyuma ya boksi unitumie inbox. Ukiona neno linaloanza na "mercur" au "calomel", ni zebaki hiyo, usiimalizie eti kwa sababu umeshainunua

Dotto: Sawa mjuaji

Baba Mdogo Masanja: Nyie mnazungumza samaki na sabuni, sisi tunaishika kwa mikono kila siku na tuko hai

Mama Mdogo Grace: Waambie na unapochomea dhahabu yako ili zebaki itoke

Baba Mdogo Masanja: Grace

Mama Mdogo Grace: Kwenye jiko langu la mkaa, juu ya kijiko cha mboga. Watoto wamekaa hapohapo wanasubiri ugali

Kulwa: Baba mdogo hapana. Huo moshi ni mbaya kuliko sangara wote wa shangazi. Mvuke unaingia mapafuni moja kwa moja, mwingine unaganda kwenye kuta na masufuria. Tumia ritoti, chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, mvuke unapita kwenye bomba unapoa, zebaki unaikinga na kuitumia tena. Hela yako hiyo inayopotea hewani.

Baba Mdogo Masanja: Hiyo ritoti fundi wa kuchomelea hapa senta anaweza?

Kulwa: Anaweza, chuma tupu, asiweke bomba la shaba wala la mabati. Mfuniko uzibe kweli. Na hata ukiwa nayo, uchomee nje mbali na nyumba.

Mama Mdogo Grace: Na kijiko changu kingine aninunulie

Shangazi Milembe: Sasa wakwe niwape nini kesho jamani

Kulwa: Wape sangara, mlo mmoja hauna neno. Neema tu umwekee sato