Programu kupeleka taarifa zetu bila kuuliza: mnakubali?

Mleta mada
Assalaam alaykum wenzangu. Programu nyingi za simu na kompyuta zinampelekea mtengenezaji taarifa za matumizi: aina ya mashine, toleo la programu, umebonyeza nini, imekwama wapi. Sababu tunayopewa ni ubora. Mimi nasema zituulize kwanza, kwa Kiswahili, na anayekataa aachwe. Bando tunanunua wenyewe.

Na huo ubora wenyewe? Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mtumiaji wa kawaida hakupewa pa kuzima taarifa hizo moja kwa moja. Mwaka uliotangulia Microsoft ilipunguza wafanyakazi, wakiwamo wajaribu programu. Oktoba 2018 sasisho likafuta nyaraka na picha za baadhi ya watu mpaka likasimamishwa. Waliolijaribu mapema walishalalamika, malalamiko yao yakamezwa na mengine. Programu ikianguka, mashine inaripoti. Faili likifutwa bila kitu kuanguka, mashine inahesabu kazi imekwenda salama, na aliyepoteza picha za harusi ya mwanawe ndiye peke yake anayejua.

Fundi wa Mlandege
Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Mteja ananiletea kompyuta, namuuliza imefanya nini, ananijibu "imezima tu". Ripoti ya hitilafu ndiyo inayonambia ni draiva gani iliyokosea, yaani ile programu ndogo inayoendesha kifaa kama printa au kadi ya picha. Ukianza kuuliza, wengi watabonyeza "hapana" bila kusoma, na watakaobaki ni wajuzi wenye mashine nzuri. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo zenye matatizo, nani atazitengenezea?

Mwalimu wa Wete
Fundi, hata sasa hizo mashine dhaifu hazihesabiwi. Kompyuta za skuli yetu zinaona mtandao mara moja moja. Kuna programu ya masomo inayodai intaneti kila ikifunguliwa. Wanafunzi wanakaa mbele ya kioo kinachozunguka, kipindi kinaisha. Mtengenezaji anawaona waliofanikiwa kuingia tu, kwa hiyo kwenye hesabu zake sisi huku Pemba hatumo kabisa. Aje mtu akae darasani nasi siku moja, atajua zaidi.

Kuhusu sheria, tuwe waangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano. Wanasheria mliomo humu, mtusaidie mpaka uko wapi.

Mleta mada
Ahsante mwalimu, hilo la kutohesabiwa ni zito kuliko langu.

Fundi, hoja yako ya wajuzi kubaki peke yao ni ya kweli na siikimbii. Lakini wapo waliokubali gharama hiyo. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, inakuuliza unapoiweka kama utapeleka taarifa, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Watengenezaji wa Go, lugha ya kuandikia programu, walioko Google, mwaka 2023 walitaka taarifa ziende tangu mwanzo. Watu wakapinga, wakageuza, sasa haziendi mpaka mwenyewe uruhusu.

Ripoti ya hitilafu unayoitetea siikatai. Programu ikianguka, ifungue kidirisha palepale: hiki ndicho tutakachopeleka, kisome, unaruhusu? Mteja wako ameudhika wakati huo na anataka itengenezwe, kwa hiyo wengi wataruhusu. Ninachokataa ni kurekodiwa kila ninachobonyeza wakati hakuna kilichoharibika. Hapo napo unapinga?