Imeniwekea TIKI YA KIJANI halafu mashine haiwaki!!! Hii programu itaniua mimi

MzeeWaKuhama

Wakuu leo sisalimii mtu, salamu zangu zimebaki kule kwenye tiki ya kijani.

Hii programu mnaijua. Siitaji jina, mnaijua, humu ndani hakuna ambaye haijamtoa jasho, ile ya "hamia kwetu, unabofya mara tatu tu umemaliza". Mimi nina mashine pepe yangu moja ya Windows, yaani VM, kompyuta ndani ya kompyuta, nimeilea miaka minne, diski yake giga 120, kazi zangu zote zimo humo, nikasema na mimi nihame maana kila mtu anahama, mimi nani nibaki. Kule kwa zamani nikaizima kabisa, sio kuisimamisha, KUIZIMA, kama mtu mwenye akili zake, nikaifungasha ikawa OVA moja safi, yaani faili moja lenye mashine nzima, nikaja nayo huku nikaanza kuiingiza saa tatu usiku. Ule mstari wa maendeleo unatambaa mpaka konokono angeupigia honi apite. Feni ya laptopu inalia kama inafiwa, mimi nimekaa pale naogopa hata kufungua kivinjari isije ikanuna. Saa tisa usiku ikamaliza, ikaniwekea TIKI YA KIJANI. Duara hilo, linang'aa, na pembeni imeandika imefanikiwa. Nikaishukuru. Kwa sauti kabisa, mtu mzima na ndevu zangu naiambia kompyuta asante usiku wa manane.

Nikabofya washa.

Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe: hakuna kifaa cha kubutia.

Hakuna?? Umekaa na giga zangu 120 masaa sita unazimeza moja moja halafu unaniuliza mimi diski iko wapi? Na kinachoniumiza sio hata hiyo skrini. Ni kwamba pale pembeni kwenye orodha TIKI BADO IPO. Ya kijani! Ingeniambia imeshindwa ningelala zangu. Ingeweka nyekundu. Ingeweka hata njano jamani, njano mtu unaelewa, unajiandaa kisaikolojia. Yenyewe imeniangalia machoni ikaniwekea kijani. Nimeifuta nimeanza upya, masaa mengine sita, tiki tena, nyeusi tena. Hapa naandika macho yamevimba na ile tiki inanichungulia.

Sitaki ushauri, nataka tu mjue.

---

BiKizito

Weka aya mkuu. Nimefika kwenye feni nikaishiwa pumzi.

---

fundi_kimya

Pole. Hukutaka ushauri lakini chukua. OVA sio uchawi, ni faili la tar tu, mafaili yamefungwa pamoja, lifungue uone mwenyewe: ndani kuna diski, kuna faili la OVF ambalo ni XML ya kawaida unaweza kulisoma kwa notipedi, na mara nyingi kuna kifaili cha .mf chenye hashi, alama za kuhakiki, za hayo mafaili. Sasa mambo kama mashine inawaka kwa BIOS au UEFI, yaani njia ya zamani au mpya ya kuamsha kompyuta, kule ulikotoka mara nyingi yameandikwa kama nyongeza zao wenyewe humo kwenye OVF, huku ulikokuja hawazisomi, wanakupa BIOS. Mashine yako nahisi ilizaliwa UEFI. Nenda kwenye mipangilio yake uibadilishe, dakika moja. Na ile tiki haidanganyi, inasema faili limenakiliwa lote, haijaahidi kwamba litawaka.

---

MzeeWaKuhama

@fundi_kimya yaani unaitetea?? "Haijaahidi kwamba litawaka"?? Kwani mimi nimehamisha VM niitundike ukutani? Nakuheshimu kaka ila tiki ni tiki.

---

Chiriku_wa_Seva

😂😂😂 "niitundike ukutani"

Mwaga mboga mwanangu, nimeweka kambi hapa.

---

dada_mtandao

Mzee wangu wewe umeonewa na tiki, mimi nimeonewa na kimya. Nilihamisha mashine ya Linux, ikawaka vizuri kabisa, nikafurahi, kumbe haina mtandao hata kidogo. Nimehangaika na nyaya, na swichi, nimewasumbua watu, kumbe kadi ya mtandao kule ilikuwa inaitwa ens33 huku inaitwa enp0s3, maana jina linatokana na mahali kadi imechomekwa, na faili la mipangilio bado linamtafuta marehemu ens33. Siku nzima. Herufi chache tu zile. Angalau wewe uliambiwa hakuna, mimi sikuambiwa kitu.

---

Mpiga_Kopi

Afadhali yenu. Mimi nilihama nikasema sitaki OVA sitaki nini, nabeba faili la diski lenyewe. Nikakopi VMDK, ikaisha hapo hapo, nikasema duh hii flashi ina kasi. Kufika, faili lina kilobaiti moja.

---

BiKizito

@Mpiga_Kopi usiniambie 😂

---

Mpiga_Kopi

Ndiyo dada. Kumbe lile ni karatasi ya maelezo tu, maandishi yanayosema diski halisi iko kwenye lile faili lingine lenye flat kwenye jina. Nililifungua, limeandika ukubwa vizuri, majina vizuri, kila kitu. Nilikuwa nimehama na cheti cha kuzaliwa, mtoto nimemwacha. Na mashine ya zamani nilikuwa nimeshaifomati.

---

Chiriku_wa_Seva

Nimelia kwa sauti mpaka watu wananiangalia. Cheti cha kuzaliwa!!

---

MzeeWaKuhama

Narudi wakuu. Nimeweka UEFI kama fundi alivyosema. Haya, sasa sio nyeusi tena. Ni BULUU. Kale kauso ka huzuni kale, mabano na nukta mbili, inasema kifaa cha kubutia hakifikiki. Kwa hiyo tumetoka "hakuna" tumefika "kipo ila hakifikiki", hayo ndiyo maendeleo ya leo. Tiki bado ya kijani, kwa wale mnaofuatilia.

---

fundi_kimya

Hilo ni kosa la 0x7B la siku zote, usiogope, diski yako nzima. Kule ilikuwa inaongea na kontrola, kile kinachounganisha diski na mashine, ya aina fulani, huku umempa nyingine ambayo Windows hana draiva yake iliyo tayari kuwaka tangu mwanzo, kwa hiyo anaanza kuamka halafu hauoni mwili wake. Itoe hiyo diski iweke kwenye kontrola ya SATA ya kawaida, itawaka. Ikishawaka ongeza kadiski kadogo ka pili ka giga moja kwenye ile kontrola mpya ya haraka, weka draiva, ukione mle ndani, zima, ndipo uhamishie na diski kubwa. Na kile kiprogramu cha kule kwa zamani kinachosaidia kipanya na skrini ndani ya mashine, hicho ulipaswa ukitoe kabla ya kuhama. Ulikitoa?

---

MzeeWaKuhama

Sikukitoa. Nani alinambia? Tiki haikuniambia.

---

Kijana_wa_Kontena

Mimi nawashangaa. VM mwaka huu? Weka kontena, programu na vitu vyake tu bila mfumo mzima, muishi kwa amani.

---

BiKizito

@Kijana_wa_Kontena mtu ana Windows nzima ya miaka minne na kazi zake humo, aitie kwenye kontena gani mdogo wangu, la takataka?

---

Kijana_wa_Kontena

Nimetoa maoni tu dada.

---

Babu_Snapshoti

Nyote mnalia juu ya watoto. Mimi nilikuwa na snapshoti 14, zile hali za mashine unazohifadhi ili uzirudie, kwenye mashine moja. Kumi na nne! Kila nikitaka kujaribu kitu napiga snapshoti, naziita kwa majina, "kabla ya apdeti", "kabla ya kuharibu", "kabla ya kuharibu 2". Nikaeksipoti. Kufika upande wa pili hakuna hata moja, imekuja hali ya mwisho tu, ambayo ndiyo "baada ya kuharibu". Hakuna aliyenionya.

---

Chiriku_wa_Seva

"Kabla ya kuharibu 2" 💀💀

---

fundi_kimya

Babu eksipoti inabeba hali ya sasa tu, ndivyo ilivyo. Na snapshoti 14 sio kitu cha kujivunia, kila moja ni faili la tofauti limeegemea lenzake, moja la katikati likiharibika yaliyo juu yake yote yanadondoka nalo. Ulipaswa kuwa na bakapu.

---

Babu_Snapshoti

Bakapu si ndizo hizo snapshoti?

---

dada_mtandao

Uuuwi. Mmelianzisha.

---

fundi_kimya

SNAPSHOTI SIO BAKAPU. Mzee wangu nakuomba kwa heshima zote. Diski ya mashine mwenyeji ikifa zinakufa pamoja.

---

Babu_Snapshoti

Diski yangu haijafa.

---

fundi_kimya

HAIJAFA BADO.

---

Mpiga_Kopi

Mimi nipo upande wa babu. Snapshoti imeniokoa mara nyingi kuliko bakapu.

---

BiKizito

@Mpiga_Kopi wewe wa kilobaiti moja ukae kimya kwenye mambo ya kuokoa.

---

MzeeWaKuhama

Jamani imewaka! Nimeiweka SATA imewaka. Ila Windows imeanza kuniambia haijaamilishwa, eti maunzi yamebadilika. Na ile tiki, hivi inaondolewaje pale pembeni? Inanikera.

---

fundi_kimya

@Babu_Snapshoti jibu swali moja tu. Hizo snapshoti 14 na diski yenyewe vilikuwa kwenye diski ngapi za kushikika kwa mkono?

---

Babu_Snapshoti

Moja. Kwani ungeweka wapi?

---

fundi_kimya

Mungu wangu.

---

MzeeWaKuhama

Hiyo tiki wakuu? Kuna anayejua?

---

Kijana_wa_Kontena

Kwenye kontena hata snapshoti huhitaji.

---

Babu_Snapshoti

Kijana toka hapa. @fundi_kimya endelea, nakusikiliza, nyingine niiweke wapi?

---

dada_mtandao

Nyie wawili si mfungue uzi wenu?

---

Babu_Snapshoti

Huu ndio wetu binti.